Kuchagua Mahali pa Mnara wa Kumbukumbu Dodoma

Kabla ya kuchora mnara, litembelee eneo wakati wa kiangazi na wakati wa kifuku, kwa kuwa nyanda hizi huwa kijani kwa miezi michache tu. Kisha jiulize ardhi yenyewe inaeleza nini kuhusu tukio. Pale Igandu, ambako tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mwinuko ilirudi nyuma na kugonga treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha, mteremko ni sehemu ya habari. Ukisawazishwa kwa greda ili upatikane uwanja wa sherehe, mgeni hataelewa kilichotokea. Ni afadhali njia ya wageni ipande taratibu sambamba na reli, kwa umbali ulio salama, na majina ya marehemu yawekwe pale ambapo mteremko wote unaonekana.

Tumia mawe ya graniti ya hapa hapa, maana marumaru nyeupe huumiza macho jua la saa sita. Mbuyu uliopo usikatwe kamwe. Upande wa juu chimba mfereji, kwani mvua za Dodoma, ingawa ni chache, hunyesha kwa nguvu na kuchimbua msingi.