Namua (awamu ya kwanza) ya bao: kete ya kwanza isende kushoto

Katika bao la kete kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni: 6 nyumbani (shimo maalumu la mstari wake wa mbele), mbili mbili katika mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 mkononi. Anayeanza hana kete za mwenzie za kula, lazima atakate, yaani asambaze kete bila kula. Hapo ndipo wengi barazani wanapojikwaa.

Tia kete shimo linalofuata nyumba upande wa kulia, ziwe 3. Ukitakata kushoto, moja inaingia nyumbani, ya pili inaangukia shimo linalotazamana na nyumba ya mwenzio. Ya nini kumpa? Atatia kete nyumbani kwake, aile yako, na nyumba yake imeshafika 7. Takata kulia: kete zinapita kichwani (shimo la mwisho la mstari wa mbele), ya mwisho inalala mstari wa nyuma, hana cha kula. Naye sasa atakate.

Ukila na kete ikaishia nyumbani, lala (simama hapo), usisafiri mapema, yaani usizisambaze kete za nyumba. Watazamaji watapiga kelele "safari!", waache, bao si lao. Nyumba ikishabomoka hurudishiwi haki yake. Safiri tu pale mwenzio ana kete mbele ya nyumba yako na zamu ijayo ataila yote.