Baridi Nusu Ndiyo Mbaya: Namna ya Kuifaidi Baridi Kali ya Minnesota

Kabla ya yote, badilisha simu yako isome Selsiasi. Hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, wanahesabu kwa Farenhaiti, na mgeni akisikia "kesho ishirini" anatoka na sweta jepesi akidhani ni Arusha. Ishirini yao ni karibu −7 yetu. Vipimo hivi viwili vinakutana kwenye −40 tu, na siku hiyo hakuna anayeuliza ni kipimo gani.

Mimi ni Msambaa wa Lushoto. Nilifika huku Novemba 2013 nikijidai najua baridi, maana kwetu kipupwe kikishika mwezi wa saba, ukungu unaingia hadi jikoni na wageni wa Tanga mjini wanashinda wamejifunika blanketi. Wiki ya tatu nikalia kituoni nikisubiri basi, machozi yakaganda kwenye kope. Tangu hapo nimejifunza mengi, lakini kubwa ni hili: baridi inayotesa watu si ile kali. Ni ile ya nusunusu, inayocheza karibu na sifuri.

Kwenye sifuri theluji inayeyuka mchana na kuganda usiku, njia inakuwa kioo na unatembea kama bata. Viatu vinalowa. Mawingu yamefunika mji kama mfuniko wa sufuria, wiki nzima hujui jua limechomoza upande gani. Sasa ikishuka hadi −15, −20, mambo yanageuka. Hewa inayoteremka kutoka kaskazini ya mbali ni nzito na kavu, inafagia mawingu yote. Mawingu nayo ndiyo blanketi la dunia. Yakiondoka, joto la ardhini linapaa usiku kucha. Kwa hiyo asubuhi yenye baridi kuliko zote mara nyingi ndiyo yenye anga la buluu kuliko yote. Theluji inakuwa kavu kama unga wa sembe, unaikung'uta begani inaanguka bila kukulowesha. Wenzangu wanaomba ipande kidogo. Mimi naomba ishuke.

Vaa kwanza, sifia baadaye

Huwezi kuona uzuri wa kitu chochote vidole vikiwa vimekufa ganzi. Januari yangu ya kwanza nilivaa jinzi, soksi mbili za pamba zilizobana, na mdomoni nikajifunga kanga. Pumzi iliilowesha ile kanga, na nilipofika kituoni ilikuwa imekakamaa kama kipande cha bati, jina lake limesimama mbele ya pua yangu. Pale kituoni alikuwapo mama mmoja wa Mombasa, ambaye baadaye nilimzoea nikawa namwita shangazi.

"Shikamoo mama," nilimwambia kwa ndani ya bati langu.

"Marahaba mwanangu. Hiyo kanga yataka pwani. Hapa pataka sufu."

Jumamosi ile akanichukua kwenye duka la nguo zilizotumika. Nilicheka peke yangu: nimevuka bahari nzima kuja kununua mtumba kwenye chanzo chake. Alichonifundisha siku ile ndicho ninachowapa wageni wote. Nguo ya kugusa mwili isiwe ya pamba, kwa sababu pamba inashika jasho na jasho likipoa linakuchapa. Iwe sufu nyembamba au zile za kitambaa cha michezo. Juu yake sweta, juu ya sweta koti refu linalopita makalio na linalozuia upepo. Soksi moja nene ya sufu inashinda mbili zinazobana, maana mguu uliobanwa damu haifiki. Viatu viwe vikubwa kidogo, uweze kuchezesha vidole. Na glovu, chukua zile zinazoviweka vidole vinne chumba kimoja na gumba peke yake. Vidole ni kama watoto, vikilala pamoja vinapashana joto.

Kuhusu upepo usibishane na mtu. Tazama ile namba ya pili kwenye utabiri, inayosema mwili utahisi nini. Ikifika −28 ngozi iliyo wazi inaweza kuunguzwa na baridi ndani ya nusu saa, na chini ya hapo dakika zinapungua haraka. Sehemu ikifa ganzi na kubadilika rangi, ingia ndani, iloweke kwenye maji ya vuguvugu. Usiisugue, usiikalishe mbele ya moto. Ganzi isipoondoka, nenda hospitali.

Jambo jingine la mwili, halafu niliache: ngozi zetu nyeusi kwenye jua la Desemba la huku hazitengenezi vitamini D ya maana. Mwombe daktari akupime. Mimi nilidhani nimekuwa mvivu, kumbe nimepungukiwa.

Baraza yako sasa ni friza

Friza ya nyumbani inawekwa kwenye −18. Sasa fikiri: kuna wiki nzima Januari ambapo nje ni baridi kuliko friza yako, na ni bure. Sisi tunaofanya shughuli za harusi na maulidi kwenye nyumba ndogo, hii ni neema. Sambusa 300 huwezi kuzigandisha kwenye friza ya fleti ya chumba kimoja. Ninazipanga kwenye sinia, zisigusane, ninatoa sinia barazani, na baada ya muda mfupi zimekuwa mawe. Hapo ndipo unazitia mifukoni, hazishikani tena. Supu ya mifupa nayo, sufuria nzima, haihitaji kupoa jikoni kwa masaa.

Ila kuna masharti. Baraza inayotazama kusini inapigwa na jua, na jua kupitia kioo linaweza kuyeyusha nyama hata nje kukiwa na −10. Weka upande wa kivuli, weka na kipimajoto kidogo, na baridi ikirudi kwenye ile nusunusu niliyokwambia, rudisha kila kitu ndani siku hiyohiyo. Funika kwa boksi lenye mfuniko mzito. Mwaka mmoja niliacha sinia wazi, nikakuta kindi amekaa juu ya kitako, ameshika sambusa yangu kwa mikono miwili kama mgeni rasmi. Alikuwa ameonja kumi na moja, zote upande wa pembe.

Nguo pia zinaanikwa. Najua hutaamini. Anika shuka nje kwenye −15 siku ya jua: baada ya robo saa limekuwa ubao, unaweza kulisimamisha ukutani. Liache. Barafu iliyo ndani ya nyuzi inageuka mvuke moja kwa moja, bila kupita kwenye maji, na kwa kuwa hewa ni kavu mno inaunyonya. Jioni unaliingiza, linalegea, na unyevu uliobaki ni kidogo tu. Usilikunje likiwa limekakamaa, nyuzi zitakatika. Lile shuka likiingia chumbani linanukia hewa tupu, harufu ambayo sabuni hazijaweza kuiigiza.

Ukavu huohuo ndani ya nyumba ni adui, utaamka na damu puani. Dawa yangu ni sufuria ya maji kwenye moto mdogo, mdalasini kijiti kimoja, iliki tatu, na maganda ya chungwa. Usiiache ukaenda kulala. Nyumba inapata unyevu, na jirani wa ghorofa ya juu anauliza unapika nini kitamu hivyo, unamwambia maji.

Sasa toka nje

Mimi nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Natoka saa moja asubuhi kukiwa bado giza, na jua linachomoza saa mbili kasorobo hivi, basi likiwa linavuka mto Mississippi. Anzia masikioni. Ikiwa baridi imepita −10, theluji chini ya kiatu haikai kimya tena. Chembe zake zinavunjika na kulia, kwee, kwee, kama unaminya mfuko wa unga wa muhogo. Treni iliyo mbali sana unaisikia kama iko mtaa wa pili, kwa sababu hewa ya baridi imelala chini na inaipinda sauti irudi ardhini. Puani vinyweleo vinagandana kila ukivuta pumzi. Kipimo hicho hakihitaji betri.

Halafu tazama jua, lakini lizibe kwa kidole gumba. Nyoosha mkono, pima shubiri moja kulia kwake, shubiri moja kushoto. Siku ya baridi kali, hewani kunaelea vipande vidogo vya barafu vyenye pembe sita, vinapinda mwanga kwa nyuzi 22, na shubiri ya mkono ulionyooshwa inakaribia hapohapo. Utaona jua la pili na la tatu, kila moja na ukingo mwekundu upande wa jua lenyewe. Mara ya kwanza nilidhani usingizi umenizidi. Mzee mmoja pale kazini, aliyekulia shambani kaskazini, ndiye aliyeniambia yana jina: mbwa wa jua, wanaotembea ubavuni mwa bwana wao.

Kisha ule mchezo wa maji. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka hadi −33, na upepo ulifanya ngozi ihisi chini ya −45. Shule zilifungwa, hata posta ilisimamisha kupeleka barua. Waliotakiwa kunipokea zamu magari yao yaligoma kuwaka, nikabaki. Saa tatu asubuhi wazee wamenuna, mazoezi yao yameahirishwa. Nikachemsha maji, nikawasogeza kwa viti vyao hadi kwenye dirisha kubwa, nikatoka uani na kikombe cha bati.

Fanya hivi: maji yawe yanachemka, si ya uvuguvugu. Jua upepo unatoka wapi, uupe mgongo, rusha juu na mbali nawe kwa mkono mmoja wa kasi, kama unamwaga maji ya ukoko. Usirushe kichwani kwako. Kuna watu wameungua hivyo. Ikiwa ni −30 au chini yake, maji hayarudi. Yanapasuka kuwa matone madogo mno, mengine yanakuwa mvuke, yote yanaganda hewani kwa sauti ya *fshhh* na wingu jeupe linaondoka na upepo. Maji ya baridi hayafanyi hivyo, yanaanguka chini pwaa. Wazee walipiga makofi ndani ya kioo, nisiwasikie, naona mikono tu. Nilirudia mara sita.

Niliporudi ndani nikawaambia habari ya mtu wa kwetu. Mwaka 1963, pale shule ya Magamba, Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friza zilikuwa chache, akaogopa kuikosa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akamcheka, kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Hapohapo Mkwawa akamuuliza Dk. Denis Osborne aliyekuja kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Osborne akaenda kujaribu badala ya kucheka, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanasayansi wanabishana hadi leo kama jambo hilo hutokea kweli na kwa nini, na ule mchezo wa kurusha maji una sababu zake nyingine. Lakini mimi, msichana wa Lushoto, nimesimama kwenye −33 na kikombe cha maji moto, ningeachaje kumtaja?

Mwisho nenda ziwani. Hapa mjini kuna Bde Maka Ska, jina la Wadakota, na likiganda linakuwa uwanja. Barafu mpya, ngumu na angavu, iwe na unene wa sentimita 10 kabla hujaikanyaga kwa miguu. Nyeupe yenye theluji ndani inataka zaidi. Kaa mbali na madaraja na mahali maji yanapoingia au kutoka. Usiende peke yako. Tafuta wavuvi wenye vibanda, wametoboa kwa keke na wamepima. Wenyewe wanapenda maswali, na atakayekupa kiti atakupa na kahawa. Samaki mmoja wanamwita perch, jina wanalompa kwa Kiingereza hata sangara wetu, ila huyu anaenea kiganjani. Kwa ugali, kula wanne.

Kaa hadi jua lizame. Joto likishuka, barafu nzima inajikaza na kupasuka kwa ndani, na ziwa linalia: *duuum*, sauti inatoka ng'ambo, inapita chini ya miguu yako, inaishia ng'ambo ya pili. Mimi nilikimbia hadi ufukweni, nikaacha thermosi na glovu moja. Wavuvi walicheka mpaka wakakaa chini. Barafu inayolia hivyo mara nyingi ndiyo inayozidi kukomaa, walisema, na mmoja akaniletea glovu yangu.

Machi ikifika, itarudi ile ya sifuri: tope la kahawia, kinyesi cha mbwa cha miezi minne kinachipuka kwenye theluji, viatu vinalowa hadi soksi. Kwa baridi hiyo sina ushauri. Nunua buti za mpira.