Umejifungua ugenini: wiki sita za kujichunga

Ughaibuni, mama aliyejifungua salama mara nyingi huruhusiwa kutoka hospitali baada ya siku moja au mbili, pengine saa chache tu. Kisha mwenzako anarudi kazini, na nyumbani hakuna mtu mzima wa kukutazama usoni na kugundua kwamba hauko sawa. Jifunze kujikagua, na mfundishe mwenzako mapema, kabla uchungu haujaanza.

Anza na damu. Siku tatu nne za kwanza huwa nyekundu, nzito kuliko hedhi. Kisha hugeuka waridi au kahawia, na baada ya siku kumi hivi hubaki ute wa njano au mweupe, ambao huweza kufika wiki ya sita. Ikiongezeka kidogo unaponyonyesha, ni mji wa mimba unajikaza, usiogope. Cha kuogopa ni pedi kubwa kulowa chapachapa ndani ya saa moja, bonge la damu kubwa kuliko yai, au damu iliyokwisha kupauka kurudi nyekundu na kumwagika. Huenda mji wa mimba umelegea, au kipande cha kondo la nyuma kimebaki ndani. Usisubiri pedi ya pili ilowe. Harufu mbaya, au homa ya nyuzi 38 na zaidi, nayo ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Presha ndiyo inayosahaulika zaidi. Kifafa cha mimba huweza kumpata mama hadi wiki ya sita baada ya kujifungua, hata kama presha yake ilikuwa nzuri mimba nzima. Kichwa huuma na dawa haikitulizi, macho huona vimulimuli, maumivu hukaa chini ya mbavu za kulia, uso huvimba ghafla. Ukiweza, nunua mashine ya presha inayofungwa juu ya kiwiko. Kabla ya kupima kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo. Ukiona 140/90, mpigie mkunga leo. Ikiwa una dalili mojawapo kati ya hizo, nenda hospitali. Ukiona 160/110, nenda mara moja hata kama hujisikii vibaya.

Ukifika mapokezi, neno la kwanza liwe: “Nilijifungua wiki tatu zilizopita.” Tumbo limeshashuka, kwa hiyo wanaona mwanamke anayeumwa kichwa tu, na utawekwa kwenye foleni. Iandike sentensi hiyo kwenye simu kwa lugha ya huko uliko, pamoja na tarehe na kama ulifanyiwa upasuaji. Omba mkalimani. Usimtumie mwanao mkubwa kutafsiri, maana mambo ya ukeni utayapunguza mbele yake.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi kukatika, huenda damu imeganda: piga simu ya dharura.

Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, manjano huchelewa kuonekana mwilini. Mpeleke dirishani mchana, umtazame weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza ni dharura. Baadaye, omba kiwango kipimwe. Usiridhike na mtu kumwangalia tu. Mtoto anayeshiba hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, na kuanzia siku ya sita hulowesha nepi sita au zaidi.

Machozi ya siku ya tatu hadi ya tano huwapata wengi, na hupita. Yakivuka wiki mbili, mwambie mkunga au daktari. Kusikia sauti, au kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, ni dharura. Mama huyo asiachwe peke yake. Ndugu aliye mbali apige simu ya video, auone uso, na aulize: “Mtoto alipolala jana, nawe ulilala?” Mama aliyechoka lakini hapati usingizi hata mtoto akiwa amelala anahitaji kuonwa na daktari.