Kuijua Ufaransa kwa Mihadhara, Ukiwa Mwanza

Anayetaka kuifahamu historia ya Ufaransa kwa undani, naye anaishi Kirumba au Nyegezi, aanze na Collège de France, taasisi ya Paris iliyoanzishwa mwaka 1530 na Mfalme François wa Kwanza, ambayo haitoi shahada na ambayo mihadhara yake iko wazi kwa kila mtu bila malipo. Mingi inapatikana kwenye intaneti kwa Kifaransa. Kwa hiyo kusanyikeni wachache, mkae na mwalimu wa lugha hiyo, naye asimamishe sauti kila baada ya dakika chache na kueleza. Pakueni sauti peke yake, kwani video humaliza bando upesi.

Msianze na orodha ya wafalme, maana inachosha. Chagueni tukio lenye vituko, kama lile la tarehe 19 Septemba 1783, ndugu Montgolfier waliporusha puto la hewa ya moto huko Versailles, kwenye kasri la kifalme, mbele ya Mfalme Louis wa 16, likiwa limebeba kondoo, bata na jogoo. Jogoo alipokutwa ameumia bawa, wapo waliodhani ni madhara ya kupaa angani. Inasemekana kondoo ndiye aliyempiga teke.

Kila msikilizaji aandike swali moja, kisha maswali hayo ndiyo yachague mhadhara unaofuata. Atakayeuliza habari za kasri apewe wa Versailles, na atakayeuliza yaliyompata mfalme apewe wa Mapinduzi ya 1789, ambayo yalimfikisha kwenye gilotini, mashine ya kukatia vichwa, Januari 1793.