Kabla Mabibo Hayajaanguka: Mwongozo wa Kuwashirikisha Wanaume na Wavulana katika Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanawake, Mtwara na Lindi

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii niliitisha mkutano wa wanaume tarehe 25 Novemba, siku ambayo duniani kote huanza zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia zinazokwisha tarehe 10 Desemba. Kijiji kilikuwa cha wilaya ya Tandahimba, turubai lilikuwa limefungwa tangu alfajiri, viti vilikuwa 60 na soda zilikuwa kwenye barafu. Walikuja wanaume saba, na wawili kati yao walikuwa wazee waliokuwa wakipita kuelekea msikitini. Malipo ya mnada wa korosho yalikuwa yameingia benki siku moja kabla, na kila mwenye miguu alikuwa ameshaondoka kwenda mjini kutoa fedha. Usiku huohuo mwanamke mmoja alifikishwa kwa mwenyekiti wa kitongoji akiwa ameshika taya, kwa sababu alikuwa amemuuliza mumewe fedha ni kiasi gani.

Tangu siku ile sipangi kazi ya wanaume kwa kufuata kalenda ya ofisi. Wanawake hupigwa miezi yote ya mwaka, lakini huku kwetu kusini mwa Tanzania ugomvi wa fedha una msimu wake unaojulikana, kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa hadi Januari, na anayetaka kuuzuia lazima awe ameshafika kijijini wakati mikorosho ingali inapuliziwa salfa, ile dawa ya unga wa njano. Mwongozo huu unafuata utaratibu huo. Nimeuandika kwa ajili ya maafisa maendeleo ya jamii, wasaidizi wa kisheria, walimu, viongozi wa dini na yeyote mwenye nia ya kuanzisha kundi la wanaume katika kijiji chake.

Hatua ya kwanza: Anza kwa wanawake (Aprili na Mei)

Kabla hujakutana na mwanaume yeyote, kaa na wanawake. Zungumza na wajumbe wa kike wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji, ambayo iliwekwa chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, unaojulikana kwa kifupi kama MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18. Zungumza pia na viongozi wa vikoba, muuguzi wa zahanati na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto. Usiwaulize nani anampiga mke wake. Waulize ugomvi huanza wakati gani, huanzia kwenye jambo gani, na ni jambo gani ambalo wangependa wanaume walisikie kutoka kwa wanaume wenzao. Kisha waombe ruhusa ya kurudi kwao kila mwezi kuwaeleza kinachofanyika katika kundi la wanaume. Hatua hii hurukwa mara nyingi, na ikirukwa, kundi hugeuka kuwa kijiwe cha wanaume kusifiana.

Hatua ya pili: Tafuta watu wa kukubeba

Barua ya halmashauri itakufungulia ofisi ya mtendaji wa kijiji, lakini haitakufungulia moyo wa mtu. Miongoni mwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, ukoo kwa desturi hufuatwa upande wa mama, na mjomba ana sauti ambayo baba wakati mwingine hana. Nimeshuhudia kijana aliyewapuuza sheikh, mwenyekiti na mimi mwenyewe akinyamaza kimya mbele ya mjomba wake aliyekuja na baiskeli kutoka kijiji cha tatu. Kwa hiyo, pamoja na sheikh au mchungaji na mwenyekiti, watafute wajomba wawili au watatu wanaoheshimika, na umtafute nyakanga, yaani mkuu wa jando, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mlango wake.

Ukiteua mtu wa kuongoza mazungumzo, waulize kwanza wale wanawake wa hatua ya kwanza kuhusu mwenendo wake. Niliwahi kumchagua mzungumzaji hodari sana, mtu wa kuchekesha na kuliza, kumbe kijiji kizima kilikuwa kinajua anavyoishi na mkewe isipokuwa mimi. Kundi lile lilikufa katika wiki ya tatu, na lilistahili kufa.

Hatua ya tatu: Kikao cha kwanza, na zoezi la korosho 20 (Juni na Julai)

Chukua wanaume 15 hadi 20, waliooa na wanaoishi na wake zao, na uwatenge na vijana ambao hawajaoa, kwa sababu kijana hatasema lolote mbele ya mkwe wake mtarajiwa. Kutaneni jioni, baada ya kutoka shambani, mahali ambapo wanaume wamezoea kukaa. Panapochezwa bao panatosha. Katika kikao hiki usilitamke neno jinsia wala neno ukatili. Maneno hayo wameyasikia kwenye semina nyingi, na wakiyasikia tena watajibu yale wanayojua kuwa unataka kuyasikia, kisha wataulizia posho.

Zoezi lenyewe ni hili. Tandika mkeka, na juu yake panga vitu kwa nafasi: kipande cha bati, daftari la shule, kipande cha khanga, mfuko mtupu wa salfa, ufunguo wa pikipiki, sufuria ndogo, na chupa tupu ya aina inayotumika kuuzia uraka, ile pombe ya mabibo. Kila mwanaume apewe korosho ghafi 20 na aambiwe kwamba hizo ndizo fedha zake zote za msimu uliopita, kisha azigawe kwenye vitu hivyo kama zilivyotumika kweli. Watataniana na kucheka. Waache wacheke. Hesabu kila rundo, andika idadi kwenye bango, kisha uage bila kutoa maoni yoyote. Siku mbili baadaye, mwezeshaji wa kike awakutanishe wake zao mahali pengine, kwa zoezi lilelile na vitu vilevile, nao wazigawe fedha za waume zao kama walivyoziona zikitumika. Hakikisha kwamba karibu wake wote wamehudhuria, na usiruhusu jina lolote liandikwe, kwa maana hesabu ya mke mmoja ikitambulika unaweza kumletea kipigo kwa zoezi ulilolianzisha wewe.

Katika kikao cha pili cha wanaume, panga mabango mawili ubavu kwa ubavu na ukae kimya. Ukimya huo ni mgumu kuustahimili kuliko unavyodhani, na mwezeshaji mchanga hushawishika kuujaza kwa hotuba. Kwenye kundi moja la Newala, mzee mmoja mpulizia salfa, ambaye mikono yake ilikuwa bado na unga wa njano kwenye mikunjo, alisogea akazitazama tarakimu za chupa na za pikipiki, akarudi kukaa, akasogea tena.

«Mwanangu, za mke wangu mimi ni zipi hapa?» aliuliza.

«Hatukuandika majina, mzee wangu. Zote zimejumlishwa pamoja.»

Alitafuna meno kidogo. «Basi anajua,» akasema. «Nilidhani hajui.»

Mazungumzo ya miezi minne iliyofuata yalitoka kwenye maneno hayo. Waliongea wenyewe kuhusu akaunti iliyoandikwa jina moja wakati korosho zimeokotwa na watu wawili, kuhusu kumficha mke karatasi ya malipo ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kuhusu aibu ya kuulizwa na hasira inayofuata aibu hiyo. Ukifika hapo, sasa unaweza kuliita jambo kwa jina lake: kumnyima mke fedha na taarifa za fedha ni ukatili wa kiuchumi, na mara nyingi ndio mlango ambao kofi hupitia.

Hatua ya nne: Jiandae kwa maswali matatu

La kwanza litakuwa: «Korosho ni zangu, shamba niliachiwa na wazee wangu.» Usibishane juu ya urithi. Eleza kwamba mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, kisha uliza ni nani aliyepalilia, aliyeokota mabibo, aliyekangua korosho na aliyezianika.

La pili litakuwa la fimbo: mume ana haki ya kumwadabisha mkewe. Hapa soma sheria kwa sauti, kwa kuwa wengi hushangaa kusikia jinsi ilivyo ya zamani. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila ingesema vinginevyo. Baadhi ya wanaume unaozungumza nao hawakuwa wamezaliwa ilipotungwa. Hoja za dini mwachie sheikh au mchungaji uliyemwandaa mapema.

La tatu ni gumu zaidi: «Mbona wanawake wenyewe wanakubali kupigwa?» Ni kweli wengi walikubali. Katika utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16, asilimia 58 ya wanawake walisema mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja kati ya zilizotajwa, kama vile kuunguza chakula au kutoka bila kuaga, wakati kwa wanaume ilikuwa asilimia 40. Usiikwepe takwimu hii. Waulize msichana hufundishwa na nani kuvumilia, na akikataa kuvumilia hurudishwa na nani kwa mumewe. Watajibu kwamba hurudishwa na baba na mjomba, na baadhi yao ndio hao baba na wajomba.

Hatua ya tano: Wavulana na jando

Shuleni kazi ni nyepesi: omba kipindi kimoja kwa wiki cha klabu, wapeni wavulana visa vya kujadili, wafundishwe kwamba msichana akisema hapana jibu limeshatolewa, na uwaache waulize. Jandoni hali ni nyingine. Jando ni mali ya wenyewe, kuna mambo ambayo mtu wa nje haambiwi, na mwezeshaji anayefika kumbini na kitini chake mkononi ataharibu kazi ya miaka. Mimi huenda kwa nyakanga miezi miwili kabla, hasa kabla ya likizo za Juni na Desemba, naye ndiye anayesema. Namwomba jambo moja tu: kwamba katika mafundisho ya namna ya kuwa mwanaume, ambayo tayari yana heshima kwa wakubwa na ujasiri wa kustahimili maumivu, aongeze kwamba mwanaume aliyepita jando haunyanyui mkono wake kwa mwanamke. Maneno anayachagua yeye. Nyakanga mmoja wa upande wa Mtama alinikatalia misimu miwili. Msimu wa tatu aliniita mwenyewe, baada ya binti yake kurudi nyumbani na jeraha.

Hatua ya sita: Ukisikia kwamba mtu ameumizwa

Kundi la wanaume si baraza la usuluhishi. Mwanamke akipigwa au akibakwa, msikae kumpatanisha na aliyemuumiza, na wala msikubali mbuzi au fedha zimalize jambo hilo nyumbani. Mwenye majeraha makubwa aanzie kwenye matibabu. Aliyebakwa afike kituo cha afya haraka iwezekanavyo, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na asioge wala asifue nguo kabla ya kuchunguzwa, maana ushahidi hupotea. Polisi watatoa PF3, ile fomu ya matibabu, na Dawati la Jinsia litaandika maelezo yake faraghani. Kwa mtoto, namba 116 hupigwa bila malipo. Yote haya yafanyike kwa ridhaa ya mwanamke mwenyewe. Kazi ya mwanaume wa kundi ni kumsindikiza akiombwa, kumtafutia usafiri na kufunga mdomo wake.

Hatua ya saba: Msimu wenyewe (Oktoba hadi Desemba)

Minada ikianza, simamisha vikao virefu. Badala yake wanaume wajigawe wawili wawili, na kila jozi ikubaliane mambo matatu: kwenda benki pamoja, kurudi nyumbani kabla ya kupita kilabuni, na kuionyesha karatasi ya malipo mezani siku hiyohiyo. Jozi zisipangwe na mwezeshaji. Mtu humsikiliza yule aliyemchagua mwenyewe, na hasa yule anayemdai.

Hapo pia ndipo tarehe 25 Novemba inapopata maana. Usiitishe mkutano, nenda ghalani, mahali wanaume wanapopanga foleni ya mizani, na umwache mmoja wa kundi aseme kwa dakika tano alichobadilisha nyumbani kwake, na alichoshindwa kubadilisha.

Hatua ya nane: Kupima

Usipime kwa idadi ya waliohudhuria, wala kwa picha ya mwanaume akikoroga uji mbele ya kamera. Uji ule niliwahi kuonja, ulikuwa mbichi. Mwezeshaji wa kike awaulize wake, kila mmoja peke yake, kama wanajua kiasi kilicholipwa, kama wanaweza kuuliza bila hofu, na kama wamepigwa katika miezi mitatu iliyopita. Uwe na subira ya miaka. Mbinu ya SASA! ya kuihamasisha jamii izuie ukatili, iliyobuniwa Uganda na kupimwa Kampala kati ya 2007 na 2012, iliuonyesha ukatili wa kimwili kwa wenza ukiwa chini kwa takribani nusu katika jamii zilizoshiriki, ila huko wanajamii walifanya kazi mfululizo kwa zaidi ya miaka miwili. Semina ya siku tatu yenye chakula cha mchana haitazaa hayo.

Januari, mvua zikiwa zimeshika na kazi ya palizi ikianza, liite kundi tena asubuhi mapema. Tandika mkeka uleule, panga bati, daftari, khanga, mfuko wa salfa, ufunguo, sufuria na chupa, na kila mmoja apewe korosho 20 mpya. Hesabu ya wanaume na ya wake zao iandikwe kwenye daftari moja, ukurasa unaofuata ule wa mwaka jana, na daftari hilo litunzwe na wanawake wa hatua ya kwanza.