SOMO: Kuchukua kinyama cha ini, nani anahitaji na kunakwendaje

Naandika mara moja, wengine nitawatumia linki. Kila siku inboksi: "Nimekutwa na homa ya ini B, kinyama nikachukuliwe wapi?" Kinyama ni kipande kidogo cha ini kinachotolewa kwa sindano kikapimwe maabara.

Wengi wenu hamhitaji. Kovu la ini siku hizi hupimwa kwa Fibroscan (mashine inayopima ugumu wa ini bila sindano), au kwa hesabu ya APRI: AST yako (kimeng'enya kinachopimwa kwenye damu) gawa kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara hiyo, zidisha kwa 100, gawa kwa pleteleti, zile chembe zinazogandisha damu (kama ni 180,000 weka 180). Mwongozo wa WHO wa 2024 unasema mtu mzima mwenye homa ya ini B akizidi 0.5, anastahili dawa. Kinyama kimebaki kwa wenye majibu yanayogongana, au daktari anaposhuku kinga ya mwili inalishambulia ini lenyewe. Hapo damu peke yake haitoshi.

Ukishaambiwa unahitaji:

1. Damu: INR (kipimo cha jinsi damu inavyoganda) na pleteleti. INR ikipita 1.5 au pleteleti zikishuka chini ya 50,000, mara nyingi wanaahirisha.

2. Taja kila unachomeza: diklofenaki, aspirini, warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), na ile mizizi ya chupani. Dawa ya moyo usiiache kwa uamuzi wako.

3. Utrasaundi. Ukiwa na maji mengi tumboni, sindano hupitishwa mshipa wa shingoni, penye vifaa.

4. Unalala chali, mkono wa kulia kichwani, ganzi, unatoa pumzi na kuibana. Sindano inakaa ndani ya ini sekunde moja au mbili.

5. KOPO. Hapa ndipo nilipoharibu, miaka yangu ya mwanzo wodini. Ijumaa alasiri, daktari kanipa kinyama, chembamba kuliko tambi, urefu kama sentimita mbili. Nikakitia kwenye kopo lenye maji ya dripu. Jumatatu maabara wakanipigia: "Sista, umetuletea supu." Maji ya dripu yana chumvi kidogo mno, hayahifadhi nyama, inaoza. Yule mama ikabidi achomwe tena, akaniuliza, "Kile cha kwanza mlikila?" Sikuwa na jibu. Kwa hiyo: kopo liwe na fomalini ya 10%, kinyama kizame chote, jina liandikwe kwenye kopo lenyewe, SI kwenye mfuniko, maana mifuniko hubadilishana. Kinachokwenda kuoteshwa vijidudu hakitiwi fomalini, nacho kiende saa hiyo hiyo. Ndugu ukipewa kopo upeleke, uliza lina nini ndani. Usifungue kunusa.

6. Lalia ubavu wa kulia kwa muda wa saa mbili. Bega la kulia kuuma kidogo ni kawaida. Tumbo kukaza, jasho jembamba, kizunguzungu: ita nesi, usijikaze.

MASWALI

— Mkuu sijasoma yote, nina hepatitis B, nichukuliwe kinyama?
Aya ya pili.

— Nesi aliyekosea kopo ndiye anatufundisha?
Nimelisema mwenyewe, hukunifumania. Wewe la kwako umeliandika wapi?

— Nasikia ini likichomwa tu saratani inasambaa.
Ini lisilo na saratani halina cha kusambaza. Kwenye uvimbe wa saratani, seli kufuata njia ya sindano hutokea, ila mara chache. Ndiyo maana mwenye ini lililosinyaa akipata uvimbe, mara nyingi CT (picha ya mashine) yenye dawa ya mshipani inatosha kuthibitisha.

— Dada, babu yuko Ukerewe, alitapika damu, wakasema kichocho kimeharibu ini. Mbona hawakuchukua kinyama?
Swali zuri. Mayai ya kichocho cha tumbo hukwama kwenye matawi ya mshipa unaoleta damu kutoka utumbo, kovu likafuata mabomba hayo. Utrasaundi huliona wazi. Sindano inachota kama sehemu moja ya 50,000 ya ini, inaweza kupita pembeni kabisa. Muulizeni daktari kama ameshafanyiwa endoskopi (mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni); mishipa iliyovimba kwenye koo la chakula hufungwa mipira. Akitapika tena, hospitali usiku huo huo.

— Asante dada. Na kinyama kikishasomwa hutupwa?
Hapana, hugandishwa kwenye nta na kutunzwa. Ukitaka mtaalamu mwingine asome, omba slaidi na kile kipande cha nta, usikubali kuchomwa upya kabla ya kuuliza. Hata wa matiti na tezi, ni hivyo hivyo.

— Kumbe! Cha mama cha mwaka juzi nakifuata kesho.
Nenda na namba ya maabara iliyo juu ya ripoti. Kwa jina tu mtashinda hapo mchana kutwa.