"Unapigaka namna gani?": DJ wa harusi amjibu nini mteja

Simu inalia Jumanne mchana, namba mpya. "Allo, DJ? Tuko na ndoa mwezi wa nane. Unapigaka miziki ya namna gani?"

Miaka mingi jibu langu lilikuwa moja tu: "Napiga yote, mama. Ambiansi itakuwa." Hapa Lubumbashi, kuanzia Katuba mpaka Ruashi, ukipigia DJ kumi simu, wengi watakujibu hivyo hivyo. Na kama wote mnapiga yote, mteja atawapima kwa kitu gani? Kwa bei. Ndiyo maana tunalia kila siku kwamba watu wanataka rahisi.

Jibu hilo liliniaibisha usiku mmoja Kamalondo. Familia ya bibi harusi ilikuwa watu wa Kasai, na mimi nilishaahidi "yote". Kwenye flashi nilikuwa na nyimbo mbili tu za mutuashi, ngoma yao ya kukata kiuno. Karibu saa nne usiku mama mzazi alikuja taratibu, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni, akaweka mkono juu ya meza yangu. "Papa DJ, ulisema yote. Yetu iko wapi?" Nikapiga ya kwanza, wakasimama wote, viuno vikaanza kazi. Nikapiga ya pili. Kisha nikarudia ya kwanza, na kabla gitaa halijaingia shangazi mmoja alikuwa ameshaniangalia na kutikisa kichwa.

Tangu hapo nina namna yangu ya kueleza ninavyopiga. Nawapa hatua zenyewe.

Hatua ya 1: jisikilize kwanza

Rekodi harusi zako tatu, soare (sherehe ya usiku) nzima, kwa simu ya kawaida. Usiiweke karibu na bafle, yaani spika, sauti itapasuka. Mwombe kijana wako aiweke kwenye meza ya wageni katikati ya ukumbi. Kesho yake sikiliza na kalamu mkononi. Andika unachofanya kweli, siyo unachodhani unafanya. Mimi nilijijua kuwa DJ mtulivu. Kumbe nilikuwa nashika mikro karibu kila wimbo, tena kusema maneno yale yale.

Hatua ya 2: jibu maswali manne

La kwanza ni mdomo: unaongea kiasi gani? Kuna familia inayotaka DJ wa kelele, wa kuita majina ya wajomba mmoja mmoja. Kuna nyingine imeshamlipa MC, na ukiongea juu yake mnagombana kabla ya keki.

La pili ndilo linalobeba usiku mzima: seben unaifanyaje? Nyimbo zetu nyingi zina vyumba viwili. Chumba cha kwanza ni cha kuimba, watu wanashikana polepole na wazee wanafuata maneno kwa midomo. Chumba cha pili ndiyo seben: magitaa yanafunguka, atalaku, yule wa kupaza sauti kuchangamsha watu, anaingia, na aliyekuwa anakula anaacha kijiko. DJ mmoja anauacha wimbo utembee wote, hata ukichukua dakika nane. Mwingine anaruka moja kwa moja kwenye seben. Hakuna aliyekosea, lakini ni soare mbili tofauti kabisa. Ukiruka mapema, wazee wanahisi umewanyang'anya wimbo wao. Ukichelewa, vijana wanatoka nje kuvuta hewa na hawarudi. Mimi mpaka chakula kiishe sikati wimbo. Baada ya keki naanzia kwenye seben. Nikisema hivyo tu kwenye simu, mteja ameshaiona harusi yake.

La tatu, unachanganyaje? Amapiano, miziki ya vijana kutoka Afrika Kusini, inakwenda kwenye mapigo 110 hadi 115 kwa dakika, seben inakimbia zaidi. Ukiivuta moja ifikie nyingine kwa nguvu, sauti ya mwimbaji inageuka kuwa ya mtu mwenye mafua. Tena rumba za zamani zilipigwa na watu bila mashine ya kuwahesabia, mwendo unapanda na kushuka ndani ya wimbo mmoja, kwa hiyo kitufe cha kulinganisha mwendo kinakudanganya. Mimi siunganishi hizo mbili. Naacha gitaa limalizike, nasema neno moja, nafungua ukurasa mpya. Wenzangu wa klabu wananicheka. Wacheke.

La nne, nani anaongoza: orodha ya maharusi au macho yako? Sema wazi. Mimi napokea nyimbo kumi, tano kila familia, zilizobaki naangalia miguu ya watu.

Hatua ya 3: andika kama unavyoongea

Maneno kama "DJ wa kimataifa" na "namba moja wa Katanga" yafute. Na tangu UNESCO iiandike rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, Desemba 2021, "mtaalamu wa rumba" naliona kila mahali, hata kwa vijana wasiojua kusubiri wimbo uishe. Mimi natuma hivi:

"Mimi ni DJ wa kuongea kidogo. Natangaza maharusi, keki na zawadi, baki naachia miziki. Mpaka chakula kiishe ni rumba bila kukata, sauti chini, wazee waweze kuzungumza. Kisha keki, ninaingia seben, halafu miziki ya vijana. Familia zote mbili mnanipa nyimbo tano tano wiki moja mbele. Ndani ya ukumbi napokea maombi kutoka kwa maharusi na MC tu."

Ukimaliza, uisome kwa sauti mbele ya mama yako. Akikuuliza "maana yake nini?", rudia kuandika. Tayarisha na ya Kifaransa, maana kamati nyingi za harusi zinaandikiana kwa Kifaransa ingawa mazungumzo yote ya feza yatakuwa kwa Kiswahili.

Hatua ya 4: uliza kabla ya kutuma

Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na watu walikuja kazini kutoka kila upande. Harusi moja inaweza kuwa na Waluba wa Kasai huku, Wabemba kule, na binamu waliovuka Kasumbalesa kutoka Zambia wakitaka kalindula, miziki ya kwao. Kwa hiyo uliza: familia ya bwana ni watu wa wapi? Ya bibi? Wageni wengi ni wa umri gani?

Na uliza wanasali wapi. Ndoa za makanisa ya uamsho nyingi hazitaki wimbo wa dunia hata mmoja. Kama huna nyimbo za kiroho za kuchezesha watu saa nne mfululizo, usijitetee na "nitatafuta". Mpe namba ya mwenzako. Yeye naye atakukumbuka.

Hatua ya 5: onyesha watu, siyo mikono yako

Vijana wanatuma video ya vidole vyao na taa. Mama mkwe hajali vidole. Video ninayotuma mimi ni ya foleni ya zawadi: shangazi wanaingia wakicheza, wa mbele ana sufuria tatu kichwani, wa nyuma anapepea bahasha, foleni inafika mpaka mlangoni. Wimbo unakaribia kwisha na wao bado wako katikati ya ukumbi. Hapo naurudisha nyuma kwenye gitaa, polepole, hakuna anayegundua, na wa mwisho anafika kwa maharusi bado anacheza. Kazi yangu iko hapo kuliko mahali pengine popote. Dakika moja inatosha, mega za intaneti ni feza. Na omba ruhusa ya familia kabla ya kutumia sura zao.

Hatua ya 6: sema usilofanya, kisha bei

Mimi sipigi nyimbo za matusi mbele ya wazazi, na sikubali rafiki wa bwana harusi "ajaribu kidogo" kwenye meza yangu. Nikisema hivyo mapema, wateja wengine wanaondoka, na ni wale wale ambao tungegombana nao saa saba za usiku.

Bei itaje baada ya hayo yote, na muda wa kumaliza uuandike. Andika pia jenereta inaletwa na nani na mafuta ni ya nani. "Ukumbi uko nayo" siyo jibu. Nenda Alhamisi, omba waiwashe mbele yako, na funga sono yako, vyombo vyako vya sauti, juu yake robo saa nzima.